Mwalimu Anajibu: Nani hasa alikula kiapo cha siri?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tumebishana wiki nzima. Katika filamu na magemu ya Marekani ya zamani, ile ya wapanda farasi na bastola kiunoni, kila genge lina neno la siri, alama kwenye mavazi na kiapo cha kufa nacho. Na mara nyingi sherifu wa mchana ndiye mkuu wa majambazi wa usiku. Kaka anasema mambo hayo yalitokea kweli. Mimi nasema watunzi wameyabuni. Tuamulie. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako ana pa kushikia, maana hadithi ya sherifu jambazi ina mwenyewe: Henry Plummer wa Bannack, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Montana. Lakini usimpe ushindi kabla hujasoma mpaka chini.

Dhahabu iligunduliwa kwenye kijito cha Grasshopper mwaka 1862, na mji wa Bannack ukaota hapo hapo. Mei 1863 wachimbaji walimpigia Plummer kura awe sherifu wao. Mwezi huo huo ikapatikana dhahabu nyingi zaidi Alder Gulch, ukazaliwa mji wa Virginia City. Kati ya miji hiyo miwili kulikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 100 ya milima na nyika, na watu waliipita wakiwa na vumbi la dhahabu mifukoni. Waporaji walikuwepo, hilo sibishi. Desemba 1863 kijana mmoja, Nicholas Tbolt, aliuawa, na mtuhumiwa George Ives akashtakiwa hadharani mbele ya umati wa wachimbaji kwa siku 3, kisha akanyongwa tarehe 21.

Baada ya hapo hadharani pakaisha. Tarehe 23 Desemba wanaume kadhaa walikutana kwa siri wakaunda kikosi cha sungusungu. Mwanzoni mwa Januari 1864 walimkamata mtu aitwaye Erastus Yeager, ambaye wengi walimjua kwa jina la Red. Kwa maelezo yao wenyewe, Yeager alitaja yote: mkuu wa genge ni Plummer, neno lao la siri ni "sina hatia", wanafuga sharubu na ndevu za kidevuni, na tai zao hufungwa kwa fundo la mabaharia. Kisha wakamnyonga.

Hapo ndipo nataka uweke kidole, mwanangu. Siri yote ya genge hilo imetoka kinywani mwa mtu mmoja aliyekuwa mikononi mwa wanyongaji wake, na waliomsikia ni wao. Hakimu hakumsikia, wala Yeager hakubaki hai ili aulizwe mara ya pili. Na hilo fundo la tai linanitatiza mno. Januari ya Montana ni theluji na upepo unaokata masikio. Nani angeona fundo la mwenzake chini ya koti la manyoya?

Tarehe 10 Januari walimchukua Plummer na wasaidizi wake wawili, Buck Stinson na Ned Ray, wakawanyonga kwenye mti wa kunyongea ambao Plummer mwenyewe aliujengesha akiwa sherifu. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Majira hayo hayo ya baridi walionyongwa walifika zaidi ya 20.

Aliyeisambaza hadithi ni Thomas Dimsdale, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa shule, kisha mhariri wa gazeti la Montana Post. Aliichapa gazetini kwa mfululizo mwaka 1865, na mwaka 1866 ikawa kitabu. Humo anadai genge hilo liliua watu 102. Dimsdale aliandika kuwatetea wanyongaji, na hakuficha hilo. Wasimulizi waliomfuata, vizazi na vizazi, wamechota kwenye kisima hicho kimoja. Miongoni mwa wanahistoria wa siku hizi wapo wanaokataa kabisa kwamba palikuwa na genge lililopangwa chini ya Plummer, na wanakumbusha kwamba uporaji njiani haukukoma baada ya yeye kufa.

Sasa tazama magenge ambayo hayana shaka. Genge la Jesse James lililovamia benki ya Northfield, Minnesota, tarehe 7 Septemba 1876 lilikuwa na watu 8, na watano kati yao walikuwa ndugu wa familia mbili: Jesse na Frank James, pamoja na Cole, Jim na Bob Younger. Mtu na kaka yake watambuane kwa fundo la tai la nini?

Kiapo kilichoandikwa kwenye karatasi, chenye tarehe na saini za watu, kipo, na kimehifadhiwa mpaka leo. Ni kile cha tarehe 23 Desemba 1863. Waliotia saini waliapa kutotoa siri na kutoachana. Ni kiapo cha sungusungu. Kwa hiyo mwambie kaka: chama cha siri kilikuwepo kweli, ila ni cha walioshika kamba.

Mwaka 1993 huko Montana Plummer alifanyiwa kesi ya mfano, miaka 129 baada ya kufa. Wazee wa baraza 12 waligawanyika 6 kwa 6. Ningekuwa mmoja wao, ningemwachia. Kwa ushahidi ule hata mwizi wa kuku nisingemfunga.

SWALI: Mwalimu, katika riwaya ya Tom Sawyer, hazina inapofukuliwa inasemekana ni mali ya genge la Murrell. Je, Murrell ni wa kubuni? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Mtu ni wa kweli. John Murrell alihukumiwa Tennessee mwaka 1834 kifungo cha miaka 10 kwa kuiba watumwa. Kilichobuniwa ni ukubwa wake. Shahidi mkuu wa kesi, Virgil Stewart, alitoa kijitabu mwaka 1835 kwa jina la bandia, akidai Murrell aliongoza chama cha siri chenye mamia ya watu, kilichopanga maasi ya watumwa siku ya Krismasi.

Mark Twain, mtunzi wa riwaya hiyo, alikifanya kivuli hicho kuwa hazina ya kusisimua watoto, na sina ugomvi naye. Lakini huko Mississippi, ambako wakati huo kulikuwa bado ukingoni mwa makazi ya Wazungu, watu walikisoma kijitabu kama habari ya kweli. Kiangazi cha mwaka huo huo, katika wilaya ya Madison, wenye mashamba waliunda kamati. Watumwa walichapwa viboko mpaka "wakakiri", wakanyongwa, pamoja na Wazungu kadhaa waliodaiwa kuwa watu wa Murrell. Wakati wote huo Murrell alikuwa gerezani Nashville. Alitoka mwaka 1844, akafa mwaka huo huo kwa kifua kikuu, na majina ya wengi wa watumwa wale hayakuandikwa popote.