Muti yangu inakufa kila mwaka mbele ya botike

SWALI: Yaya wa bustani, jambo. Niko na botike Birere, hapa muji wa Goma, upande ule lava ya 2002 ilipita. Mbele ya mulango nilipanda jakaranda mara mbili, ya kwanza ilikauka mwezi wa saba, ya pili nayo haikumaliza mwaka, na nilipoivuta ilitoka na mukono mumoja tu kama karoti. Mume wangu anasema majiwe ya volkano hayataki muti. Ni kweli? Na jirani anakata gravilea yake kichwa kila mwaka juu ya nsinga za umeme, anasema itazidi kuleta kivuli. Nimufwate?
Mama wa botike

JIBU: Mama, mwambie mume wako aache kusingizia volkano. Ile lava ya Nyiragongo ilishuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ikapita katikati ya muji mpaka ndani ya ziwa, na leo pale batu hawakuivunja unaona majani na vimiti vimejiotea vyenyewe kwenye nyufa.

Ile "karoti" njo imenionyesha kosa. Muti yenye mizizi haitoke hivyo. Nina wasiwasi uliipanda na sache yake nyeusi (ule mufuko wa plastiki) ya pepinyeri, kule banaotesha miche, ao uliitoa sache lakini mizizi ilikuwa imeshajizungusha kama kamba, haukuipasua na kisu. Na tundu, lilikuwa kubwa gani? Hapa kwetu batu banapiga baramini (ile chuma refu ya kuvunja majiwe) mara tano, tundu linatosha sufuria ya fufu, banaweka muti, basi. Kwa muti ya barabara tafuta kijana mwenye baramini na nyundo, avunje metre moja kwa metre moja, na kina sentimetre 80, asisimame pale ganda la juu limepasuka. Kisha usirudishe yale majiwe ndani! Leta udongo mweusi (chukudu moja, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, haitoshi, lipa tatu ao ine), changanya na mboleo ya ng'ombe yenye imeoza kabisa, mbichi inaunguza mizizi.

Shida ya pili ni maji, juu lava inayapitisha haraka sana. Panda mwezi wa tisa mvua ikianza, ndipo inapata miezi mingi mbele ya kiangazi. Toka mwezi wa sita mpaka wa nane mwangia bidoni moja ya litre 20 mara mbili kwa wiki, polepole, na funika udongo na majani makavu lakini yasiguse shina. Zungushia fito tatu, si juu ya mbuzi tu, wale ba motard banaegemeza pikipiki pale kila asubuhi, ganda likichubuka muzunguko muzima muti imekwisha.

Kuhusu jirani, hapana, usimufwate. Ukikata kichwa, kidonda kinaoza na matawi mapya yanaota mingi kwa wakati moja, yameshikamana na ganda tu, upepo wa kwanza wa mvua yanaangukia batu. Kivuli anachoona ni cha miaka mbili. Kosa lake ni la siku ya kupanda: gravilea inapita metre 20, chini ya nsinga inatafuta nini? Pale panda franjipani ao ibiskisi. Wewe kama hauna nsinga juu ya mulango, rudilia jakaranda yako, ila isogeze metre 3 toka kwa ukuta, na uliza kwanza kwa komine mabomba ya maji yanapita wapi, usije ukavunja ya mutaa muzima na ile baramini.