Mkuki na Nyota ni kampuni, ABC ndiyo isiyo ya faida

Unasema Mkuki na Nyota ndiyo isiyotafuta faida, na African Books Collective ndiyo kampuni ya Walter Bgoya? Hapana, umezigeuza. Mkuki na Nyota ni kampuni binafsi ya kuchapisha vitabu, Bgoya, mchapishaji wa Tanzania, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991. Isiyotafuta faida ni African Books Collective (ABC), na hiyo si mali yake peke yake: ni ya wachapishaji wa Kiafrika kwa pamoja. Iliundwa mwaka 1989 ikiwa na makao Oxford, naye akiwa mmoja wa waanzilishi.

Ukitaka kuhakikisha, fungua ukurasa wa hakimiliki wa kitabu cha Mkuki na Nyota kinachouzwa nje. Mchapishaji ni Mkuki na Nyota. ABC hutajwa pembeni kama msambazaji tu. Kazi yake ni kuviuza vitabu hivyo Ulaya na Marekani, hasa kwa maktaba za vyuo vikuu, na mapato mengi yarudi kwa mchapishaji. Siku hizi kitabu huchapwa kule kule mteja anapoagiza, hata nakala moja, kwa hiyo habari za kontena na meli zimepungua sana.

Ila usiseme kuwa Bgoya "alitoka biashara akaingia hisani", maana alihusika na vyote sambamba. Na kabla ya hapo, kuanzia 1972, alikuwa meneja mkuu wa Tanzania Publishing House, shirika la umma. Hilo watu hulisahau, wakati kwa maoni yangu ndiko alikojulikana zaidi.

Halafu isiyo ya faida haina maana vitabu ni vya bure. Vinauzwa kama kawaida.