Je, mtoto akifika miaka saba anakuwa wa baba? Jibu kwa mama wa Pasua

SWALI: Wakili, habari za kazi. Naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba pale Memorial. Nina binti wa miaka minne niliyezaa na kijana wa Machame ambaye kazi yake ni kupandisha wageni mlimani. Hatukufunga ndoa wala hatukuwahi kuishi pamoja. Nilipojifungua, mama yake alikuja na mtori na nyama, akampa mtoto jina lake, na kwenye kadi ya ubatizo baba ameandikwa yeye. Cheti cha kuzaliwa kina jina langu tu. Alikuwa akituma hela kwa simu hadi mtoto alipofika mwaka mmoja na nusu. Baadaye akaoa Arusha, hela zikakata. Nikimdai anasema mtoto si wake, nikapime DNA kwa hela yangu. Mama yake naye anasema mtoto ni wao, nimpeleke Machame ndipo atunzwe, na akifika miaka saba watamchukua kisheria. Mwezi uliopita kijana aliniletea karatasi: nipokee laki tano, nisaini kwamba tumemalizana. Nifanye nini? DNA ni lazima? Na nikishtaki halafu nikashindwa, watanichukua mwanangu?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na hofu yako kubwa ili usome mengine ukiwa umetulia. Hakuna sheria Tanzania inayosema mtoto akitimiza miaka saba anahamia kwa baba. Maneno hayo nayasikia Arusha, nayasikia Moshi, na yamewafanya wanawake wengi wakae kimya miaka na miaka wakiogopa kwamba kudai matunzo ni kumwamsha aliyelala.

Yanakotoka ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Humo kuna kifungu kinachosema kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni kwa faida yake kukaa na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kinamlinda mtoto mdogo, basi. Hakisemi siku ya kuzaliwa ya saba bibi aje na gari. Baada ya umri huo mahakama inaangalia mazingira yote, na Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 imetaja ya kuangaliwa: umri na jinsia ya mtoto, maoni yake mwenyewe kama ameyatoa bila kushinikizwa, ndugu kutotenganishwa, na uendelevu wa malezi, yaani mtoto asing'olewe ovyo mahali alipozoea. Juu ya yote hayo yanakaa maslahi ya mtoto. Binti aliyelelewa na mama tangu azaliwe, anayekula, anayelala salama na anayepelekwa kliniki, hahamishwi kwa sababu tu ukoo wa baba una kihamba, yaani shamba la ukoo.

Sasa nataka utenganishe mambo matatu ambayo familia ile imeyafunga pamoja. Nani ni baba ni jambo moja. Matunzo ni jambo la pili. Mtoto akae na nani ni la tatu. Yule bibi anakuambia matunzo yatakuja mtoto akipelekwa Machame. Hapo anauza la pili kwa la tatu, na sheria hairuhusi biashara hiyo. Wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ni wa wazazi wote wawili, awe anakaa na huyu au na yule, wawe walioana au hawakuoana. Kwa hiyo ukifungua shauri la matunzo na likakwama, kilichokwama ni matunzo. Mtoto hatolewi mikononi mwako kwa sababu hiyo. Anayemtaka itabidi apeleke ombi lake mwenyewe na aithibitishie mahakama kwamba kuhama ni kwa faida ya mtoto.

Tuje kwenye DNA. Si lazima katika kila shauri. Sheria ya Mtoto inataja njia kadhaa za kuthibitisha uzazi, na vinasaba, yaani hiyo DNA, ni mojawapo tu: jina la mzazi kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, baba kumtambua mtoto hadharani, na majibu ya vinasaba. Kwako cheti hakikusaidii. Hilo ni la kawaida kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, maana jina la baba haliingizwi bila yeye mwenyewe kuomba pamoja na mama. Lakini tazama ulichonacho. Bibi alikuja na mtori, akatoa jina lake. Sisi wa huku tunajua jina la bibi mzaa baba halitolewi kwa mtoto wa jirani. Kadi ya ubatizo ina jina la kijana kama baba, na siku ile kanisani walikuwepo wasimamizi na waumini waliomwona. Na mpaka leo mama yake anatamka kwamba mtoto ni wao. Kijana anakana, mama yake anakiri: waite wote wawili mbele ya hakimu.

Kisha zile hela za simu, na hapa naomba usome taratibu. Sheria imeweka muda wa kudai matunzo kwa mwanaume anayedaiwa kuwa baba: ombi linaweza kuletwa kabla mtoto hajazaliwa, au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Binti yako ana miaka minne, kwa hiyo muda huo umepita. Ila sheria hiyo hiyo inaruhusu ombi wakati wowote baadaye, ikithibitika kwamba mwanaume huyo alitoa hela za matunzo ndani ya ile miezi 24 ya kwanza. Wewe ulitumiwa hadi mwaka na nusu. Meseji hizo ndizo zinazokubeba. Usizifute, usibadilishe simu kabla ya kuzihifadhi, na kesho nenda kwenye duka la mtandao wako ukaombe taarifa ya miamala ya kipindi kile, igongwe muhuri. Kama kuna meseji za WhatsApp anauliza "mtoto anaendeleaje" au "hiyo ya maziwa", zitunze pamoja na namba na tarehe zake. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani.

Akishikilia kwamba anataka kipimo, kubali bila wasiwasi. Ila hakifanyiki kwa watu wawili kwenda tu maabara. Vinasaba vinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, na maombi hupitia kwa mtu au chombo kinachotambuliwa na sheria, kama mahakama, wakili, afisa ustawi wa jamii au polisi. Kinachochukuliwa ni mpanguso wa kinywa, ute wa ndani ya shavu, haumuumizi mtoto. Ukiwa mahakamani, omba hakimu atoe amri ya kipimo na aseme nani alipe. Anayekana ndiye anayekitaka, na kwa maoni yangu gharama imwangukie yeye; ukieleza kipato chako cha Memorial, hakimu ana sababu ya kukusikiliza. Tafadhali usikubali majibu ya kuletewa mkononi kwenye bahasha kutoka maabara usiyoijua.

Ombi la kutambua uzazi lina muda mrefu zaidi. Laweza kuletwa wakati wowote mtoto akiwa chini ya miaka 18, hata ndani ya miaka mitatu baada ya mzazi kufariki. Nakushauri uyapeleke yote mawili pamoja, uzazi na matunzo. Mahakama ikishatamka kwamba yeye ni baba, binti yako anakuwa na haki zake zote kwake, urithi ukiwemo, na hata suala la cheti linapata pa kuanzia.

Pa kuanzia wewe ni ofisi ya ustawi wa jamii, Manispaa ya Moshi. Afisa atamwandikia wito, atawakalisha, na mkikubaliana mtaandika. Wapo wanaume wanaonyooka hapo hapo na ninawaheshimu. Lakini usizungushwe. Asipofika, au akiahidi na hela isionekane mwezi unaofuata, mwombe afisa barua inayoeleza kilichotokea, uende Mahakama ya Watoto. Shauri husikilizwa na hakimu mkazi, hata pale ambapo chumba kiko kwenye jengo la mahakama ya mwanzo, masijala watakuelekeza. Linasikilizwa faragha, majirani hawakai kwenye benchi kukusikiliza. Huna haja ya kwenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa, hilo ni la wanandoa. Na kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na Moshi mna shirika la KWIECO, ambao wamefanya kazi hii ya wanawake na watoto kwa miaka mingi.

Kiasi gani utapewa? Hakuna kiwango maalumu. Sheria ya zamani iliyofutwa mwaka 2009 ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na mahakama zilifungwa mikono nacho hata pale kilipokuwa hakinunui kilo ya unga. Leo hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu ya mlipaji kwa watoto wengine, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto. Kwa hiyo ndoa yake ya Arusha itahesabiwa, kipato chako nacho kitahesabiwa. Andika daftari la mwezi mzima: chakula, sehemu ya kodi ya chumba, ada ya chekechea, sare, dawa, nauli. Weka risiti unazopata. Usiongeze hata shilingi. Hakimu anayejua bei za Moshi akigundua umepandisha unga, hatakuamini kwenye maziwa.

Atasema hana mshahara. Waongoza wageni wengi hawana hati ya mshahara, analipwa kwa safari na anaongezewa na wageni. Hilo halimwondolei wajibu, linabadilisha tu namna ya kuuthibitisha. Taja kampuni anazopandia, tafuta mwenzake aliye tayari kusema anapanda mara ngapi kwa msimu, omba mahakama iite kumbukumbu za kampuni. Kisha pendekeza mpango unaofanana na kazi yake, maana amri isiyotekelezeka itakurudisha kortini kila mwezi. Mlima una msimu: Januari hadi Machi, halafu Juni hadi Oktoba, Aprili na Mei mvua za masika zinawarudisha wengi nyumbani. Omba kiasi cha kila mwezi ambacho hata Mei anakiweza, na juu yake ada alipe mwenyewe moja kwa moja shuleni Januari na Julai, wakati ambapo kazi ipo. Kama ana ajira ya kudumu, unaweza kuomba makato yafanyike kwenye mshahara wake. Amri hudumu hadi mtoto atimize miaka 18, na inaweza kuongezwa akiwa bado masomoni. Maisha yakibadilika, kwako au kwake, yeyote anaweza kuomba irekebishwe. Na ajue kwamba kukwepa wajibu wa kumtunza mtoto ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Kuhusu mtoto akae na nani: kwa kuwa wameshatamka kwamba watamchukua, usisubiri. Katika ombi lako omba pia amri kwamba mtoto anakaa kwako. Kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye kumekatazwa wazi. Desemba inakuja, watu wote wanapanda nyumbani, na mashauri mengi ninayoyaona Januari huanza na "aende tu akasherehekee Krismasi na bibi yake". Akienda, ijulikane kwa maandishi anarudi lini, na nakala ibaki kwa afisa ustawi. Asiporudishwa, nenda siku hiyo hiyo ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Hata hivyo, usimfiche. Najua una uchungu, na una haki nao. Lakini sheria inampa mtoto haki ya kumjua na kumtembelea mzazi wake mwingine, hata huyo asiyelipa. Mama anayesema "hulipi, humwoni" anakuwa amefanya lile lile analofanya bibi wa Machame, na hakimu ataliona. Bibi yule alimpikia mtori, akampa jina. Panga siku za kuonana, ziwe za wazi, nyumbani kwako au mahali mnapokubaliana.

Imebaki karatasi ya laki tano. Usiisaini. Matunzo ni haki ya mtoto, si deni lako unaloweza kulisamehe, na mahakama haifungwi na maandishi ya mama aliyebanwa na njaa. Lakini ukisaini utajiongezea kazi ya kujieleza, na hela zenyewe hazitafika mwaka. Kama unahitaji hizo laki tano, zipokee kwa simu, mjibu kwa meseji kwamba umepokea matunzo ya mtoto, taja na tarehe. Na ile karatasi aliyokuachia usiichane. Ameandika kwa mkono wake jina la mtoto anayesema si wake. Iweke pamoja na kadi ya ubatizo na taarifa ya miamala, uende nazo ustawi wa jamii Jumatatu.