Giaboksi ya gia tano kwenye FJ40 yenye injini ya 2F

Umeuliza kama giaboksi ya gia tano inaweza kukaa kwenye FJ40 yako, ile Land Cruiser ya zamani, ukibaki na injini yake ya 2F. Inakaa kaka, na wala huhitaji kubadili injini. Tafuta H55F, giaboksi ya gia tano ya Toyota yenyewe. Uwiano wa gia ya tano ni 0.845, wakati wa nne ni 1, kwa hiyo pale injini ilipokuwa inalia mizunguko 3,000 kwenye gia ya nne, sasa inashuka hadi kama 2,535 kwa mwendo uleule. Masikio yatakushukuru.

Ila kabla hujalipa, chukua klachi pleti yako uivalishe kwa mkono kwenye shafti ya giaboksi. Iteleze yenyewe. Ikigoma, meno hayalingani, nunua pleti nyingine. Yangu fundi aliivuta kwa bolti mpaka ikaingia, beringi ndogo ya nyuma ya krankishafti ikaanza kupiga kelele hata wiki haijaisha. Tukashusha kila kitu upya.

Kagua pia meno ya shafti inayoingia kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), maana transfa za zamani zinatofautiana. Halafu giaboksi hii ni ndefu, transfa inarudi nyuma: propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya nyuma inakatwa, ya mbele inarefushwa. Hiyo mpe fundi wa leithi mwenye kubalansi, usichomelee gereji.