Usimwage hiyo bia ya viungo, itoe kwa friji kwanza

Wiki iliyopita nilipata meseji kutoka kwa msomaji wa Kisumu. "Dada, ndugu yangu ameniletea chupa nne za bia ya Krismasi kutoka ng'ambo, ile ya viungo, nimefungua moja nikaona ni dawa ya kikohozi tupu. Nimwage zingine ama nifanyeje?" Nikamjibu saa hiyo hiyo asimwage hata tone, halafu nikamuuliza swali moja tu: ilikuwa baridi kiasi gani? Akasema aliitoa kwa friza ikiwa baridi kama barafu. Basi hapo ndipo niliona heri niandike, maana najua wengi wetu tunaopenda kujua kuonja vizuri tumepitia hapo, na mimi hii bia iliniumiza kabla ya kunifurahisha.

Desemba iliyopita nilialikwa jioni ya kuonja bia kwa hoteli moja hapa Nakuru. Tulikuwa kama watu kumi na watano, wanawake watatu, kila mtu na viglasi vitano mbele yake, na cha mwisho kilikuwa na bia nyekundu-nyekundu ya kahawia, ya viungo, zile wazungu hutengeneza za msimu wa theluji. Ilikuwa imetolewa kwa barafu mpaka glasi inatoka jasho. Bwana aliyekuwa anatuongoza akapita kwa kila mtu akiuliza unanusa nini. Mimi niliishika glasi na viganja viwili muda wote akizunguka, na akifika kwangu ilikuwa imeanza kufunguka, nikasema ukweli wangu: nanusa chai ya masala, na kwa nyuma kuna sukari nguru. Akaangalia watu, akatabasamu, akasema, "Madam, hapa tunaonja bia, sio chai." Meza nzima ikacheka. Niliweka glasi chini na sikusema neno lingine mpaka nikafika nyumbani Section 58, na imepita miezi saba lakini naweza kukuonyesha kiti nilichokalia.

Na nilikuwa sawa! Hebu fungua mkebe wa chai masala uliyo nayo jikoni: tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Hizi bia za msimu wa baridi nazo huwekwa mdalasini, tangawizi, karafuu, kungumanga, maganda ya machungwa. Ni ndugu wa tumbo moja. Na ile sukari nguru sikuitoa hewani, kimea cha shayiri kikikaushwa kwa moto mkali kinatoa utamu wa sukari iliyoungua, na mimi nimelelewa upande wa Kakamega, kwa majirani walikuwa wanapika sukari nguru, juisi ya muwa inachemka kwa karai kubwa mpaka inakuwa nzito na nyeusi na nguo zako zinanuka hiyo kitu mpaka jioni. Hiyo harufu huwezi kunidanganya nayo. Halafu kuna kitu nilikuja kujifunza baadaye, kuna bia zinanuka karafuu na hakuna hata punje moja ya karafuu ndani, ni chachu inafanya hivyo, hasa zile za Ubelgiji na zile za ngano za Ujerumani. Pua ikikuambia karafuu, sema karafuu.

Wazungu wenyewe hawajawahi kukubaliana kuhusu viungo. Kule Bavaria mwaka wa 1516 waliweka sheria kwamba bia ni shayiri, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) na maji, basi, lakini Wabelgiji waliendelea na viungo vyao, na kule San Francisco kampuni ya Anchor ilianza bia ya Krismasi 1975 na kila mwaka wakawa wanabadilisha mapishi. Kwa hivyo mtu asikuambie eti kuna namna moja tu.

Sasa Januari dada yangu anayeishi Ohio alikuja na chupa mbili za Christmas Ale, bia ya Krismasi ya kampuni ya Great Lakes ya Cleveland. Hii ina kilevi asilimia 7.5, na Tusker yetu ni 4.2, kwa hivyo hii sio ya kugida. Januari ya Nakuru ni jua na vumbi, nikaona nikiifungua nitakuwa naionea, nikafunika lebo na gazeti nisije nikasoma, nikaweka chupa kwa kabati lenye giza. Usingoje sana lakini, harufu ya viungo hupungua na wakati.

Julai ikafika. Mnajua Julai ya huku, mlima Menengai umejifunika ukungu na usiku unaingia na baridi ya kuvaa soksi mbili. Niliweka chupa nje ya dirisha badala ya friji, nikamimina kwa glasi ya mdomo mwembamba, nusu tu, povu likakaa rangi ya maziwa ya chai. Funda la kwanza hakuna kitu, uchungu na gesi. Nikangoja. Nikaishika na viganja, nikainusa, nikangoja tena, kama dakika ishirini hivi, na mdalasini ukaja wa kwanza, halafu tangawizi ikanishika kooni kama ile ya uji wa mama akiwa ameizidisha, halafu kitu cha asali pale ulimi unapoishia. Nikaandika kwa karatasi: mdalasini, tangawizi, asali. Nikampigia dada anisomee vile kampuni imeandika. Asali, mdalasini, tangawizi. Vyote vitatu! Nililia kidogo, sitaficha.

Kwa hivyo nawaambia, acheni barafu. Baridi kali inafanya ulimi ufe ganzi na harufu inabaki imefungwa ndani ya bia. Ukiingia baa zetu weita anakuuliza "baridi ama moto?" na vijana wanacheka wazee wanaoagiza moto, yaani isiyotoka kwa friji. Babu yangu alikunywa busaa, pombe yetu ya nafaka, kwa mrija mrefu na maji ya moto yanaongezwa kwa chungu, na alikuwa anaweza kukuambia wimbi limeota siku ngapi. Isiwe baridi sana, digrii kumi hadi kumi na tatu inatosha. Na usiazime maneno ya mtu, taja vitu vya jikoni kwenu bila kuona haya, pua yako imesoma huko miaka yote.

Yule wa Kisumu nilimwambia, kwa vile kwenu ni joto, weka kwa friji ya kawaida, itoe nusu saa kabla, mimina nusu glasi na uache simu. Jana usiku akaniandikia: "Dada, nimenusa mandazi ya iliki, ni makosa?" Nikamwambia andika hivyo hivyo. Bado ana chupa mbili.