Shule ya mtaani: uliza atafundishwa na nani

Kila mwaka uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza ukianza, lazima atokee mzazi wa kunisimamisha njiani: "Mama, ile shule yetu ya hapo ikoje? Nimpeleke mwanangu?" Wananiuliza mimi kwa sababu watoto wangu wawili wamepita pale, na kwa miaka miwili nilikuwa kwenye kamati ya shule. Zamani nilikuwa na jibu moja la haraka. Siku hizi namrudishia swali: anaingia darasa la ngapi, na atafundishwa na nani?

Tunaishi Temeke. Shule ni ya serikali, dakika saba kwa miguu, hakuna barabara kubwa ya kuvuka. Kwa Dar es Salaam hiyo peke yake ni neema. Mzazi ambaye mtoto wake anagombania daladala asubuhi, konda akihesabu wanafunzi wawili tu halafu anafunga mlango, ananielewa.

Mwanangu mkubwa alipoingia darasa la kwanza alipokelewa na mwalimu mama wa makamo, aliyebakiza miaka michache kustaafu. Darasa lilikuwa na watoto wanaokaribia mia. Yule mama alikuwa na mfuko wa rambo umejaa vizibo vya soda vya kuhesabia, na kadi za silabi alizokata mwenyewe kwenye maboksi ya biskuti. Aliwagawa watoto makundi kumi, kila kundi na kiongozi wake, na kila siku alikaa na makundi mawili akimsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma. Kwa hiyo ndani ya wiki kila mtoto alikuwa amesikilizwa. Ilipofika Agosti mwanangu alikuwa ananisomea kuta njia nzima: "Nyumba hii haiuzwi", "Tunachaji simu", "Duka la dawa". Nilikuwa nasimama nimsubiri amalize neno.

Basi nikaisifia ile shule kwa kila aliyeniuliza. Jirani yangu wa ukuta mmoja akamwandikisha binti yake mwaka uliofuata kwa maneno yangu. Binti akaangukia mkondo mwingine wa darasa la kwanza. Mwalimu wake akaenda likizo ya uzazi mwezi wa tatu, hakuletwa wa kushika nafasi, watoto wakaunganishwa na wa mkondo wa chumba cha pembeni. Waliokosa dawati wakakaa chini. Yule binti alifika darasa la tatu hajui kusoma. Mama yake alikuja kwangu akasimama mlangoni, akaniambia, "Jirani, wewe ndiye uliyenileta pale." Sikuwa na la kumjibu. Yeye alikuwa anasema kweli, na mimi niliyoyasema kabla hajamwandikisha yalikuwa kweli. Shule ile ile, mwalimu mkuu yule yule, geti moja.

Somo lenyewe lilinikaa vizuri lilipoingia nyumbani kwangu.

Mwanangu mdogo alikuwa darasa la pili. Alikuwa anaingia zamu ya mchana, anarudi jioni, ananionyesha daftari, naona tiki nyekundu, nasema hongera, naendelea na sufuria. Usiku mmoja umeme ulikuwepo na nilikuwa sina haraka. Tukakaa kwenye mkeka, nikafungua daftari la Kiswahili. Mwandiko mzuri, herufi zimekaa kwenye mstari, na chini ya kazi pameandikwa "Vizuri". Nikamwambia, nisomee. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini macho yake yalikuwa yanaangalia dirisha. Nikaweka kidole kwenye neno la katikati ya sentensi, neno "kikapu". Kimya. Nikarudi kwenye "paka". Kimya. Mtoto alikuwa amekariri ukurasa. Alikuwa anaweza kunakili kila kitu kilichoandikwa ubaoni kwa uzuri ule, kama mtu anayechora, na hajui alichochora.

Nikachukua la Hisabati. 7 + 5 = 11, tiki. 9 + 4 = 12, tiki. Nikaanza kuzitazama zile tiki zenyewe. Hazikuwa za mkono mmoja. Nyingine zilikuwa ndogo, zimetetemeka, za mkono wa mtoto. Daftari la mwanangu lilikuwa linasahihishwa na kiranja.

Nakumbuka hasira niliyolala nayo. Asubuhi nilitaka niende mstarini nikaseme mbele ya watu. Mume wangu akanizuia, akasema nenda, lakini nenda saa ambayo mwalimu ataweza kukusikiliza. Huo ni ushauri ambao na mimi naugawa sasa: usiende asubuhi wakati wa paredi, na usiende na sauti. Nilikwenda baada ya kipindi cha mwisho, nikamkuta mwalimu darasani peke yake na marundo ya madaftari kwenye meza. Ni binti mdogo, ana miaka michache kazini.

Nikamfungulia ukurasa. Aliangalia muda mrefu, halafu akasema, "Mama, nina watoto 134. Nikimpa kila mmoja dakika moja tu, kusahihisha somo moja ni zaidi ya saa mbili. Na nina masomo mengine. Viranja wananisaidia, na najua si sawa."

Hakunificha, na hilo nalishukuru mpaka leo. Kiwango kilichowekwa na serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na 25 kwa awali. Yeye alikuwa amebeba madarasa matatu kwenye chumba kimoja. Tulikubaliana hivi: mtoto akae mbele, kila siku kabla hawajatoka amsomee sentensi tatu tu, ambazo hazijaandikwa ubaoni, na mimi nyumbani dakika kumi na tano za silabi kabla ya kula, bila kukosa. Akanipa karatasi ya silabi niipige kopi. Kwenye dakika hizo kumi na tano sikumpa mwanangu daftari lake, nilimpa maneno mapya, na vipande vya gazeti la kufungia maandazi. Muhula wa pili ulipoisha alikuwa anasoma. Polepole, lakini anasoma, na macho yako kwenye karatasi.

Kwa hiyo mzazi, kama hutachukua kingine hapa, chukua hili la kidole. Weka kidole katikati ya sentensi, mwambie mtoto asome neno hilo tu. Fanya hivyo darasa la kwanza, mwezi wa sita. Usingoje upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ukuambie, maana mtoto aliyefika pale hajui kusoma ameshapoteza miaka mitatu, na aibu imeshamwingia.

Msongamano huu haukuanguka kutoka mbinguni. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa michango walikuja shuleni, na ilikuwa haki yao kuja. Mji nao haukusimama: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na wengi wao wamejenga huku pembeni, Mbagala, Chanika, Kivule, ambako kiwanja kilipatikana. Madarasa yamejengwa, na BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, umeleta shule za msingi mpya kabisa. Ukisikia shule ya mtaani kwenu imemegwa na kuzaa nyingine, ifuatilie hiyo mpya mapema. Mwaka wa kwanza watu wanaiogopa kwa kuwa haina jina, na ndio mwaka ambao mtoto anapata dawati na mwalimu anayemjua.

Wazazi wengi wanachagua shule kwa matokeo ya darasa la saba ya NECTA, Baraza la Mitihani. Yaangalie, lakini ujue unachokiona. Nikiwa kwenye kamati nilishuhudia jinsi ratiba inavyopangwa: walimu wenye mkono mzuri wanapelekwa darasa la nne na la saba, kwa kuwa huko ndiko kuna mtihani na ndiko mwalimu mkuu anakoulizwa. Darasa la kwanza na la pili wanapewa anayebaki, mara nyingine mwalimu anayejitolea. Tulilisemea jambo hili kikao baada ya kikao. Mwaka mmoja mwalimu mkuu alikubali kumrudisha mwalimu mzoefu darasa la kwanza, na ule mwaka watoto walisoma. Kwa hiyo ukiwa na nguvu ya kusema kitu kimoja tu kwenye kikao cha wazazi, sema hicho.

Kuhusu michango, msimamo wangu umebadilika. Zamani nilikuwa nasema serikali imesema bila ada, sitoi. Halafu nikakaa kwenye kamati nikaona hesabu. Ruzuku tuliyokuwa tukisomewa kwenye vikao ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na hiyo haifiki yote mkononi mwa shule, sehemu inakwenda kwenye vitabu. Hapo utoe chaki, ukarabati, mitihani. Uji wa saa nne hauwezi kutoka humo. Nikaanza kutoa ya uji, kwa sababu mtoto aliyekunywa chai ya rangi saa kumi na mbili hawezi kukaa mpaka mchana akisikiliza. Ila natoa kilichopitishwa kwenye mkutano wa wazazi, nachukua risiti, na nataka taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa mchango ambao mzazi hajalipa. Hilo mwalimu akilifanya, nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Usipopata jibu, afisa elimu kata yupo.

Twisheni ya jioni ya lazima, inayofundishwa na mwalimu yule yule, kwa mada ile ile ambayo hakuimaliza asubuhi, sikuikubali na siikubali.

La viboko linaniuma zaidi. Binti wa jirani mwingine alikataa kwenda shule wiki nzima. Mama yake alipombembeleza akaonyesha mikono, vidole vimevimba. Kosa: alikosea hesabu za kuzidisha. Wazazi wengi hawajui kwamba kuna kanuni. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kukosea saba mara nane si utovu wa nidhamu. Yule mama alikwenda na kuomba kitu kimoja, aonyeshwe kitabu cha adhabu cha siku ile. Hapakuwa na kilichoandikwa. Mwalimu aliitwa, akaomba radhi mbele ya mtoto. Mwenzake wa zamu ileile ni mwalimu ambaye watoto wanamkimbilia getini kumbebea mkoba. Hapo ndipo unaelewa kwa nini wazazi wawili wanaongea habari mbili za shule moja.

Kuna waliohama. Jirani yangu wa ukuta mmoja, yule aliyesimama mlangoni kwangu, alimpeleka binti yake ingilishi midiamu. Ada milioni na ushee kwa mwaka, mbali na basi. Basi linapita saa kumi na moja alfajiri, mtoto anarudi jioni amelala. Ninamwelewa kabisa: kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na kila mzazi anaogopa ile siku. Kule binti alifundishwa kusoma, na hilo lazima niliseme, walimsaidia. Lakini biashara ya baba yake iliyumba, ada ikamshinda, akarudi shule ya mtaani akiwa darasa la tano. Akaanza kulia upya, safari hii kwa Sayansi na Hisabati za Kiswahili, hajui kigawanyo wala usanisinuru ni nini. Kama unampeleka huko, hesabu ada ya miaka yote mpaka mwisho, usihesabu ya mwaka mmoja. Zipo pia shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond, lakini nafasi zinagombewa na kwetu huku ni mbali. Na tangu mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, Kiingereza kinafundishwa kama somo kuanzia darasa la kwanza, tofauti na wakati wa mkubwa wangu aliyekutana nacho darasa la tatu.

Ukienda kuitazama shule, nenda siku ya kawaida, saa nne wakati wa mapumziko. Ingia chooni. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Ukikuta foleni ya wasichana mpaka kengele inagonga, umeshaelewa kwa nini binti yako hanywi maji akiwa shuleni. Tazama kama kuna ndoo yenye maji na mlango unaofungwa kwa ndani. Halafu omba kumwona mwalimu wa darasa, muulize ana watoto wangapi na anawasikilizaje wakisoma. Jibu lake litakutosha.

Jirani yangu ana kitinda mimba wake, anaanza darasa la kwanza Januari hii. Juzi Jumanne alinigongea, akaniambia, "Jirani, leo twende wote." Tukaenda. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akasema mgawanyo wa walimu unapangwa wiki ya kwanza shule ikifunguliwa, na yule mwalimu binti wa madaftari 134 ameomba mwenyewe abaki madarasa ya chini. Jirani akauliza, mkondo gani? Akaambiwa bado. Tumekubaliana tutarudi wiki ya pili ya Januari, saa nane mchana, vipindi vya darasa la kwanza vikiwa vimekwisha.