Kadi Inayoota Maua ya Kwetu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: katika siku hizi za salamu za simu, ni salamu gani bado unaitengeneza kwa mikono yako, na unaitengenezaje? Jibu langu ni kadi za bustani. Ni kadi za karatasi zenye maua yaliyokatwa kwa vikatio vya chuma, yakapindwa petali moja moja, yakabandikwa mpaka yakasimama. Ninaishi Tanga. Nazitengeneza kwa ajili ya Idi, Krismasi, harusi na watoto wanaozaliwa. Nyingi nawapa watu ninaowajua, chache nauza. Kwa wasomaji wenzangu wanaoipenda kazi hii, au wanaotaka kuianza, nina neno moja: msipande bustani ya watu wengine kwenye kadi zenu.

Vikatio ninavyovisema ni vipande vyembamba vya chuma vyenye makali yaliyopindwa kufuata umbo la ua au jani. Unaweka kikatio juu ya karatasi, makali yakitazama karatasi, unavibana katikati ya vibao viwili vya plastiki, kisha unavipitisha kwenye mashine ndogo yenye roli mbili ambayo unaizungusha kwa mkono. Kinachotoka upande wa pili kimekatika safi. Mbinu hii si ngeni, kwani katika karne ya 19 viwanda vya viatu viliitumia kukata soli nyingi za umbo moja. Vikatio vya kadi vya leo vinatengenezwa zaidi kwa wateja wa Uingereza na Marekani, ndiyo maana bustani iliyomo ndani ya pakiti ni ya huko: tulipu, dafodili, uzio mweupe wa mbao, toroli la mtunza bustani. Ni vitu vizuri, sivibezi. Lakini shangazi yangu wa Pangani hajawahi kuishika dafodili. Kadi ya dafodili inamwambia kwamba nimenunua pakiti. Ya asumini inamwambia kwamba nilipokuwa nakata nilikuwa namfikiria yeye.

Na huhitaji kusubiri mpaka mtu fulani huko ng'ambo atengeneze kikatio cha asumini. Chuma hakijui jina la ua, kinajua umbo tu. Kabla sijagusa mashine natoka nje, nachuma ua lenyewe, nalifumua juu ya meza na kuhesabu petali zake. Naangalia ipi inalala juu ya mwenziwe, ipi imejikunja, na wapi rangi inakolea. Baada ya hapo ndipo napekua vikatio vyangu kutafuta umbo linalokaribia, hata kama pakiti imeliandika jina jingine kabisa.

Chukua bogenvilia, ambayo hapa kwetu imejaa kwenye kuta na milango. Zile sehemu za rangi tunazoziita maua kwa kweli ni majani yaliyogeuka rangi, na kila kishada kidogo kina matatu. Maua halisi ni vile vijimrija vyeupe vya katikati. Kwa hiyo bogenvilia haihitaji kikatio cha ua hata kidogo. Kata majani matatu ya kawaida, yaliyochongoka nchani, kwa karatasi nyembamba ya zambarau iliyokolea. Yakunje kidogo kwenye mstari wa kati, yabandike yakitazamana, halafu ingiza viua vidogo vyeupe ndani. Tumia karatasi nyembamba kweli, kwa sababu bogenvilia yenyewe imekaa kama karatasi, na manila nene inaiua.

Mlangilangi nao nautoa kwenye kikatio kilichokusudiwa majani marefu ya nyasi. Ua lake lina petali sita nyembamba zinazoning'inia, za manjano yenye ukijani. Nazikata, nazivuta juu ya ukingo wa rula mpaka zinalegea na kujikunja, na kuzikusanya juu kwa tone moja la gundi.

Mkrismasi ndio ninaoupenda kuliko yote. Kila Desemba naona madukani kadi za theluji zikiuzwa katika joto hili letu, wakati nje mikrismasi imewaka nyekundu barabara nzima. Ua lake lina petali tano: nne nyekundu zilizotanda na moja iliyosimama yenye mabaka meupe na manjano. Hiyo ya tano ndiyo siri yake. Ukizikata zote tano nyekundu, mtu ataona ua jekundu tu, lakini ukiipaka ile moja mabaka yake, kila mtu wa pwani ataujua mti huo hata akiwa mbali. Majani yake yaliyogawanyika vijani vidogo vidogo yanatoka vizuri kabisa kwenye kikatio cha kangaga, ule mmea wenye majani yaliyochanika kama unyoya, kilichomo karibu katika kila pakiti ya bustani ya Kiingereza.

Nimewahi kuambiwa kwamba Krismasi bila theluji si kadi ya Krismasi. Basi kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapwa kwa biashara, ile aliyoiagiza Henry Cole huko London mwaka 1843 na kuchorwa na John Callcott Horsley, ilionyesha familia mezani ikinyanyua glasi, na kandokando watu wakiwapa maskini chakula na nguo. Theluji haikuwamo. Aliyechora alichora watu wake na meza yao. Nami naweka mkrismasi, ambao asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, lakini umekuwa wetu kwa kivuli chake na kwa jina tuliloupa.

Kwa kadi ya harusi natengeneza kikuba, kile kishada cha maua yenye harufu nzuri. Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kwenye kadi nyingine yoyote. Maua ya asumini huchumwa jioni yakiwa matumba ili yafunguke usiku, kwa hiyo kikuba chenye asumini zilizochanua zote si kikuba cha kweli. Nachanganya: machache yamefunguka, mengi bado yamefumba. Yaliyofunguka natumia ua dogo la petali tano, mawili yamelaliana, la juu limezungushwa kidogo ili petali zake ziangukie katika nafasi za lile la chini. Matumba ni petali moja tu iliyoviringishwa kwenye kijiti cha meno. Kisha majani ya mrehani, madogo na mengi, na waridi moja jekundu kati yake. Kwa kuwa nyeupe juu ya nyeupe hupotea, naiweka asumini juu ya karatasi ya rangi ya maziwa au ya kijani kilichofifia. Kadi ikishakauka naifukiza udi kwa mbali, kama tunavyofukiza nguo, halafu naitia kwenye bahasha moshi wake ukiwa bado haujatoka. Karatasi hushika harufu vizuri, na bibi harusi akifungua anaipata kabla hajasoma neno lolote.

Lipo ua jingine ambalo sisi wa Tanga tuna haki nalo ya pekee. Ulaya na Marekani linaitwa urujuani wa Afrika, linauzwa katika vyungu vidogo, na watu hulilea kwenye madirisha yao. Kwao ni ua la nyumbani kabisa, na wengi hawajui kwamba asili yake ni misitu ya milima ya Afrika Mashariki, na kwamba lilitokea kwetu kwenda kwao. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaliita Saintpaulia kwa jina la familia hiyo. Wenyeji wa Usambara walikuwa wakipita karibu nalo vizazi na vizazi. Linaota kwenye miamba yenye kivuli, mahali penye unyevu, na aina zake kadhaa sasa zimo hatarini kwa sababu misitu inayozifunika inakatwa. Linaniuma jambo hili. Ua linalojulikana dunia nzima linaweza kutoweka pale lilipozaliwa, na watoto wetu wengi hawajui hata kwamba ni letu.

Basi kwenye kadi zangu halikai chunguni. Mwamba naurarua kwa mkono kutoka karatasi ya kijivu, siukati, ili ukingo wake uwe na mikwaruzo. Petali ni tano: mbili ndogo juu, tatu kubwa chini, za buluu iliyoingia zambarau, na katikati vitone viwili vya manjano. Majani yake ya duara yana manyoya laini. Hayo nayapata kwa kupitisha msasa laini juu ya karatasi ya kijani mpaka uso wake unasimama vinyuzi. Mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, ambaye ndiye aliyeniletea mashine, nilimpa kadi hiyo alipokuja likizo. Alirudi nayo akawaonyesha majirani zake wenye ua hilo dirishani.

Sasa niseme kuhusu kazi yenyewe hapa pwani, maana maelekezo yanayokuja na pakiti yameandikwa kwa watu wenye hewa kavu. Wakati wa masika karatasi hunywa unyevu, na ikinywa haikatiki bali huchanika, hasa kwenye ncha nyembamba. Karatasi zangu nazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikatio navipangusa kwa kitambaa kikavu kila nimalizapo, kwani hewa ya chumvi hula makali. Kikatio kisipokata vizuri usikimbilie kukaza nguvu. Ongeza karatasi moja nyembamba chini ya kibao na upitishe tena. Kikiwa na mstari mrefu ulionyooka, kilaze mshazari kidogo ili mstari wote usiingie chini ya roli kwa mara moja. Na kikiwa na tundu nyingi ndogo, weka karatasi ya kuokea keki katikati yake na karatasi unayokata, ua litatoka bila kung'ang'ania.

Kadi yenyewe naipata kwa kukata A4 katikati, kisha kukunja kila nusu kuwa A6, na bahasha yake ni C6. Karatasi ya kadi iwe na uzito wa gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Ya maua gramu 120 hadi 160 inatosha. Kabla ya kukunja, pinda karatasi kidogo pande zote mbili. Upande unaokubali kwa urahisi ndio ukunjie, maana nyuzi zake zimelala hivyo. Pitisha kwanza biki iliyoisha wino kando ya rula ili mkunjo usipasuke. Petali zipewe umbo juu ya soli ya kandambili kuukuu iliyosafishwa: bonyeza katikati kwa mpini wa kijiko ulio mviringo, nazo zitainuka zenyewe. Gundi nyeupe iwe kidogo, kwa kijiti, kwa sababu ikizidi karatasi inalowa na kujikunja. Ukikosa tepu ya sponji ya kuinulia maua, vipande vidogo vya boksi vinafanya kazi ileile.

Maandishi ya kuchapwa siyaweki. Ndani ya kadi nabakisha nafasi tupu, na maneno naandika kwa mkono. Kadi tunazopokea mara nyingi siku hizi zinatudai: kadi ya mchango wa harusi, kadi ya mwaliko, na nyingi zinakuja kama picha tu kwenye simu. Mtu akipokea kadi isiyomdai kitu hushangaa, wengine huigeuza nyuma kutafuta kiasi cha mchango. Napenda kuwapa watu kadi ya namna hiyo bila sababu kubwa: mwalimu aliyestaafu, jirani aliyemaliza kulea wajukuu, kijana aliyehamia mji mwingine kikazi.

Kwa msiba situmi kadi. Msiba ni kwenda mwenyewe na kukaa na wafiwa. Baada ya arobaini, watu wakishatawanyika na nyumba ikawa na utupu wake, ndipo napeleka kadi ya asumini nyeupe, na naipeleka kwa mkono wangu.

Kadi za mbali natuma kwa posta zikiwa na ua bapa, na zenye maua yaliyosimama nazitia kwenye kiboksi na kumkabidhi mtu wa basi. Ua kubwa liwe mbali na mkunjo, la sivyo kadi haitafunga.

Msomaji asiye na mashine asijizuie. Chora jani moja kwenye boksi la biskuti, likate, lizungushie penseli juu ya karatasi ya zambarau, kisha fuata mstari kwa mkasi mdogo wa kucha. Majani matatu, viua vyeupe ndani, na tayari una bogenvilia. Anza na hiyo.

Msomaji wenu,
Tanga